Mpiga dramu wa Queen na wimbo usio na dramu

Swali: "Shikamoo mwalimu. Hapa kijiweni kwetu Tanga tuna ubishi wa wiki ya pili sasa kuhusu mpiga dramu wa Queen, bendi ya Freddie Mercury wetu wa Unguja. Mmoja anasema katika We Will Rock You dramu haikupigwa kabisa. Wa pili anasema ile sauti nyembamba kuliko zote katika Bohemian Rhapsody si ya Freddie, ni ya mpiga dramu. Wa tatu anasema picha ya huyo mpiga dramu iliwahi kuleta zogo kwenye stempu ya Uingereza. Mimi nimewaambia wote watatu wamedanganywa, maana kazi ya mpiga dramu ni kupiga dramu basi. Nani kashinda?"

Marahaba, kijana wangu. Wameshinda wenzako, wote watatu. Ningeweza kuishia hapo, lakini hilo neno lako la "kupiga dramu basi" limenigusa. Nimekaa studio miaka mingi nikirekodi bendi za dansi, kwaya na taarabu, na wapiga dramu niliowaheshimu kuliko wote ni wale waliokuwa wakiusikia wimbo mzima kabla ya kushika fimbo. Roger Taylor, huyo mpiga dramu wa Queen mnayembishania, ni wa aina hiyo. Basi tuanze na ubishi wa kwanza, maana ndio mtamu.

We Will Rock You ilitoka Oktoba 1977, katika albamu ya News of the World. Mtunzi wake ni Brian May, mpiga gitaa. Miezi michache kabla ya hapo Queen walikuwa wamepiga katika ukumbi wa Bingley Hall, mjini Stafford, na watu walipokataa kuondoka wakaanza wao wenyewe kuimba kwa pamoja. Brian akajiuliza: umati uliobanana, usio na nafasi hata ya kucheza, unaweza kufanya nini kwa pamoja? Unaweza kukanyaga chini, unaweza kupiga makofi, unaweza kuimba. Wimbo ukazaliwa hapo: mguu, mguu, kofi. Mguu, mguu, kofi.

Walirekodi katika studio ya Wessex, kaskazini mwa London, jengo ambalo zamani lilikuwa la kanisa, lenye dari la juu na mwangwi wake wa asili. Humo walikuta mbao za zamani, wakazipanga chini, wakapanda juu yake wote na kuanza kukanyaga na kupiga makofi mbele ya maikrofoni. Roger naye alikuwa mmojawapo wa wakanyagaji. Walirudia mara kadhaa, safu juu ya safu, mpaka watu wachache wakaanza kuonekana wengi. Dramu zake hazikuguswa, na besi haipo pia. Gitaa nalo limefungiwa nje mpaka karibu na mwisho, linaingia peke yake, linasema neno lake, na wimbo umekwisha. Dakika mbili na sekunde mbili tu.

Safu nyingi peke yake hazitoshi kutengeneza umati, na hili nataka ulielewe vizuri. Nimelijaribu mwenyewe na vijana wanne kwenye sakafu ya mbao. Tulipomaliza tulikuwa na sauti nzito, nzuri, lakini bado ilikuwa sauti ya vijana wanne wazito. Uwanja wa watu una kitu kingine ndani yake, nacho ni umbali. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Mtu aliye mita 17 kutoka kwako akipiga kofi pamoja na wewe kwa wakati uleule, kofi lake litakufikia nusu ya sehemu ya kumi ya sekunde baada ya lako. Wa mita 34 atachelewa mara mbili ya hapo. Sikio halihesabu tarakimu hizi, lakini linazijua, na ndizo zinazokwambia uko katikati ya watu.

Brian May alikuwa amesomea fizikia katika chuo cha Imperial, London (baadaye, mwaka 2007, alirudi akamalizia udaktari wake wa elimu ya nyota). Akachukua zile sauti za miguu na makofi, akazirudia kwa kuzichelewesha kwa viwango mbalimbali, na kila kiwango akakipima kwa namba tasa, zile namba zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Kwa nini tasa? Ukichelewesha sauti kwa vipimo vinavyolingana, tuseme kumi, ishirini, thelathini, vinapangana kwa mstari na sikio linakamata mpango huo mara moja. Unasikia mwangwi, kama mtu anayepiga kelele ndani ya bomba. Ukitumia namba tasa hakuna kipimo kinachoingia ndani ya kingine, hivyo kila sauti inabaki peke yake mahali pake, na kichwa chako kinaipokea kama mtu mwingine aliyesimama mbali kidogo. Hapo vijana wanne wanakuwa uwanja. Vaa hedifoni uusikilize wimbo huo usiku nyumba ikiwa kimya, utawasikia watu nyuma yako, kushoto na kulia.

Na mtu akikwambia kwamba amemwona Roger akiupiga wimbo huu kwa dramu, naye hakosei. Jukwaani aliupiga, na wenyewe walikuwa na namna nyingine ya haraka ya wimbo huohuo, yenye dramu kamili na gitaa tangu mwanzo, ambayo walifungulia nayo maonyesho yao mengi ya miaka ile. Mtakuwa mnabishana juu ya vitu viwili kwa jina moja. Kwenye rekodi inayopigwa viwanjani mpaka leo, dramu haipo.

Ninamheshimu Roger kwa kukubali hilo. Fikiria ni mpiga dramu wa bendi kubwa, una dramu zako nzuri umezikaza na kuzilegeza asubuhi nzima, halafu mwenzako anakuja na kusema huu wimbo utapigwa kwa viatu. Nimeshuhudia bendi zikigawanyika kwa mambo madogo kuliko hayo.

Sasa ubishi wa pili, wa sauti. Ili tuupate vizuri turudi nyuma kidogo. Roger Meddows Taylor alizaliwa 26 Julai 1949 katika mkoa wa Norfolk, mashariki mwa Uingereza, akakulia Truro, mji wa Cornwall, ule upande wa kusini magharibi unaoingia baharini. Alipokuwa mtoto alisoma katika shule ya kanisa kuu la mji huo na kuimba katika kwaya yake. Chombo cha kwanza kushika hakikuwa dramu, kilikuwa ukulele, kile kigitaa kidogo cha nyuzi nne, kisha gitaa. Kwa hiyo kabla hajawa mpiga dramu alikwisha kuwa mwimbaji wa kwaya anayejua nyuzi. Mwaka 1967 akaenda London kusomea udaktari wa meno, masomo aliyoyaacha baadaye na kuhamia biolojia.

Mwaka uliofuata Brian May na rafiki yake Tim Staffell walibandika tangazo chuoni wakitafuta mpiga dramu kwa ajili ya bendi yao iliyoitwa Smile. Roger akajitokeza. Brian amesimulia mara nyingi kilichomshangaza siku ile: kabla Roger hajapiga wimbo wowote, alikaa akaanza kuzikaza ngoma zake moja moja, akizisikiliza, akizirekebisha mpaka zikaongea vizuri zenyewe kwa zenyewe. Brian hakuwa amewahi kumwona mtu akifanya hivyo. Kwetu sisi jambo hilo lingeeleweka haraka. Hakuna mpiga msondo au mpiga chapuo anayeanza kabla hajaiwamba ngoma yake motoni na kuisikiliza. Lakini vijana wengi wa roki wa London wakati ule walizichukua dramu kama zilivyotoka dukani.

Freddie alikuwa rafiki wa Smile kabla hajawa mwimbaji wao, na yeye na Roger walikuwa na kibanda cha kuuza nguo katika soko la Kensington. Mwaka 1970 Staffell akaondoka, Freddie akaingia, jina likawa Queen. John Deacon wa besi akaja mwaka 1971. Sauti za bendi zikawa zimejipanga kama kwaya: Brian chini, Freddie katikati kwa nguvu zake zote, na juu kabisa, pale ambapo katika kwaya zetu tungemweka dada wa sauti ya kwanza, Roger. John hakuimba kwenye rekodi zao.

Bohemian Rhapsody ilianza kurekodiwa Agosti 1975 katika studio ya Rockfield, karibu na Monmouth, Wales, shambani kabisa. Sehemu ile ya katikati inayofanana na opera, yenye "Galileo" na "Bismillah", waliiimba watu watatu tu. Waliimba siku baada ya siku kwa saa nyingi, wakajaza nafasi za utepe wa njia 24 (kila njia hushika sauti yake peke yake), wakazikusanya safu nyingi katika njia chache ili wapate nafasi ya kuongeza nyingine, wakarudia tena. Hesabu inayotajwa ni karibu safu 180 za sauti. Utepe ulipita mbele ya vichwa vya mashine mara nyingi mno hata ile rangi yake ya kahawia, ambayo ndiyo inayoshika sauti, ikaanza kukwanguka. Wenyewe walisimulia kwamba ukiunyanyua kwenye mwanga uliona upande wa pili. Kila fundi aliyewahi kufanya kazi na utepe ataelewa hofu waliyokuwa nayo, maana ukikatika hapo umepoteza wiki nzima za kazi.

(Kwa kuwa uko pwani nitakuongezea moja. Familia ya Freddie, akina Bulsara, walikuwa Waparsi, watu wa dini ya Zoroasta, wala si Waislamu, lakini mtoto aliyezaliwa Mji Mkongwe mwaka 1946 hawezi kukosa kulifahamu neno "Bismillah". Msikilizaji wa Marekani mwaka ule wa 1975 alilichukua kama neno la ajabu. Wewe na mimi tunalisikia kabla ya kila sahani ya chakula.)

Ile nota unayoisema iko mwishoni mwa opera hiyo. Sauti zinapanda ngazi moja baada ya nyingine kwenye neno "me", zinaendelea kupanda pale unapodhani zimefika, halafu moja inabaki juu peke yake kama uzi, kabla gitaa halijaangusha paa. Huo uzi ni Roger. Yupo pia juu katika zile "Galileo" nyembamba zinazojibizana na zile nzito. Mwenzako ameshinda hapo bila shaka yoyote. Na akitaka ushahidi mwingine, mchezeshe mwanzo wa In the Lap of the Gods, kwenye albamu ya Sheer Heart Attack ya mwaka 1974. Ule ukelele wa mwanzo, ambao watu wengi walidhani umetoka kwenye mashine, ni koo la Roger.

Sasa rudi Bohemian Rhapsody uisikilize mpaka mwisho kabisa, usizime Freddie anapomaliza kuimba na piano inapofifia. Kitu cha mwisho kulia ni upatu mkubwa, unagongwa mara moja, taratibu, na mlio wake unaachwa ufe wenyewe. Aliyeugonga ni Roger. Katika wimbo uliokuwa wa Freddie kuliko nyimbo zote, sauti ya juu kabisa na sauti ya mwisho kabisa ni za mpiga dramu.

Jukwaani sehemu ya opera hawakuiimba. Isingewezekana, watu watatu hawawezi kuwa wengi kiasi hicho bila utepe. Walizima taa, wakaondoka, ikapigwa rekodi, kisha wakarudi kwa kishindo wakati wa gitaa.

Wimbo huo una upande wa pili, na hapa pana jambo ambalo hamkulibishania lakini lingekuwa ubishi mzuri kuliko yote. Santuri ndogo ilikuwa na nyuso mbili. Uso wa kwanza mwaka ule ulikuwa Bohemian Rhapsody. Uso wa pili ulikuwa I'm in Love with My Car, utunzi wa Roger, anaouimba mwenyewe, kuhusu mtu anayependa gari lake kuliko mpenzi wake. Mngurumo wa injini unaousikia mle ni wa gari lake halisi, Alfa Romeo. Mrabaha wa utunzi wa santuri ulikuwa unagawanywa sawasawa kwa nyuso zote mbili, bila kujali mnunuzi ameinunua kwa ajili ya uso upi. Bohemian Rhapsody ilikaa namba moja Uingereza wiki tisa. Kila mtu aliyeingia dukani kumtafuta Freddie alimlipa na Roger kiasi kilekile.

Jambo hilo lilileta manung'uniko ndani ya bendi, na Brian hajawahi kuficha kwamba nani ameandika nini na wimbo upi uende upande wa pili ndivyo vilivyowagombanisha kuliko vyote. Suluhisho walilipata baada ya miaka mingi. Kuanzia albamu ya The Miracle ya mwaka 1989, kila wimbo uliandikwa kuwa ni wa Queen, wote wanne, bila jina la mtu mmoja. Bendi changa zinaponiuliza namna ya kugawana ninawasimulia habari hii, kabla hawajarekodi hata wimbo mmoja. Na ukitaka mfano mwingine wa upande wa pili, We Will Rock You yenyewe ilikuwa nyuma ya We Are the Champions.

Ngoja niseme na kuhusu upigaji wake, nisije nikaonekana namsifia kila kitu isipokuwa dramu. Roger ana alama yake, ukishaijua utamtambua popote. Yale matoazi mawili yanayofungwa na kufunguliwa kwa mguu wa kushoto, hai-hati, wapigaji wengi huyaacha yamefumba wakati mkono mwingine unapiga sneya, ile dramu yenye mlio mkali. Yeye huyafumbua kidogo palepale anapoipiga sneya, kisha huyafumba mara moja. Kwa hiyo kila pigo lake zito lina pumzi ndani yake, "tsss" fupi inayokatwa. Sikiliza sehemu ya polepole ya Bohemian Rhapsody dramu inapoingia chini ya piano, imo. Inaufanya mdundo wa taratibu usilale.

Na alikuwa mgumu sana kwenye sauti ya dramu zake. Albamu yao ya kwanza, iliyotoka 1973, waliirekodi Trident, studio maarufu ya London, mara nyingi saa ambazo wateja wanaolipa hawakuwepo. Pale dramu ziliwekwa kwenye kichumba kilichofunikwa kila upande ili sauti ife haraka, ndiyo ilikuwa desturi. Roger na Brian hawakuipenda. Wao walitaka chumba kisikike, dramu iwe na hewa kuizunguka. Kuanzia hapo ukifuata albamu zao moja baada ya nyingine unaweza kusikia kuta zikisogea mbali na dramu, mpaka unafika Wessex na dari lake la kanisa.

Ndiyo maana kisa cha Another One Bites the Dust kinanipendeza. Mwaka 1980, studio ya Musicland, Munich, fundi wa sauti ni Mack. John Deacon, yule mkimya wa besi, alikuja na wimbo wake uliotoka kwenye muziki wa dansi wa Wamarekani weusi. Alitaka dramu kavu, isiyo na chumba, isiyo na mlio wowote unaobaki. Kila kitu ambacho Roger alikuwa amekikimbia tangu Trident. Roger hakuupenda mtindo huo na alisema hivyo. Lakini alizijaza dramu zake mablanketi, akapiga mdundo uleule, mkavu kama kubisha mlango. Kisha kipande kifupi cha utepe kikakatwa, ncha zikaunganishwa kikawa duara, kikaachwa kizunguke. Ule mdundo unaokwenda tangu mwanzo hadi mwisho bila kuchoka ni duara hilo. John akaweka besi juu yake na vyombo vingine karibu vyote.

Roger pia hakuamini kwamba wimbo huo ungetoka kama santuri ya peke yake na kufanya chochote. Michael Jackson, aliyewatembelea baada ya onyesho, ndiye aliyewaambia wautoe. Wakautoa, ukakaa namba moja Marekani wiki tatu. Roger mwenyewe ndiye anayekisimulia kisa hiki kwamba alikosea, na anakisimulia kwa furaha. Mimi najifunza zaidi kwenye yale mablanketi. Mtu anaweza kukataa wazo kwa mdomo na bado akalipa mikono yake yote. Duara lile lisingesimama kama lingepigwa kwa kinyongo, maana kosa dogo la mkono lingerudi kila baada ya sekunde chache mpaka mwisho wa wimbo.

Katika albamu yenye wimbo huo, The Game, ndimo sintesaiza, kile kinanda cha kielektroniki, ilimoingia kwa Queen kwa mara ya kwanza, baada ya miaka ya kuandika kwenye majalada ya santuri zao kwamba hawakuitumia. Ilikuwa ya aina ya Oberheim, na aliyeinunua na kuileta ni mpiga dramu.

Mwaka 1981 akatoa Fun in Space, albamu ya kwanza ya peke yake kutolewa na mtu yeyote wa Queen. Vyombo vingi alivipiga mwenyewe, akisaidiwa vinanda na fundi David Richards. Na kabla ya hapo, ukiuchukua wimbo unaoitwa Sheer Heart Attack ulio kwenye News of the World (si albamu ya jina hilo, wimbo ulichelewa miaka mitatu kumalizika), gitaa na besi unazosikia humo nyingi ni zake.

Wimbo wake uliokwenda mbali kuliko yote ni Radio Ga Ga, wa mwaka 1984. Mtoto wake Felix, ambaye mama yake ni Mfaransa, alikuwa anasikiliza redio akasema "radio ca-ca", na "caca" kwa Kifaransa cha watoto ni kinyesi. Baba akalibeba neno. Akajifungia na kinanda cha kielektroniki na mashine ya mdundo, akautunga. Halafu akaenda likizo kuteleza kwenye theluji, na Freddie, aliyeusikia na kujua una kitu ndani yake, akauchukua na kuunyoosha wakati mwenyewe hayupo. Ukafika namba mbili Uingereza. Angalia tena picha za Live Aid, lile tamasha kubwa la hisani, Wembley, 13 Julai 1985: uwanja mzima mikono juu, makofi mawili mawili kwa pamoja. Umati ule unapigia makofi wimbo wa mpiga dramu, ambao dramu yake kwenye rekodi ni ya mashine.

A Kind of Magic, 1986, ni wa kwake. These Are the Days of Our Lives pia mbegu yake ni ya kwake, ule wa albamu ya Innuendo, 1991, wenye tumba laini chini yake. Video ya wimbo huo ndiyo ya mwisho Freddie kusimama mbele ya kamera, amekonda, anaimba huku akitabasamu. Freddie alifariki 24 Novemba 1991. Mwezi uliofuata, Uingereza, Bohemian Rhapsody ilitolewa upya, na wimbo uliowekwa nayo kwenye santuri hiyo moja, safari hii si upande wa pili bali kwa hadhi sawa, ulikuwa These Are the Days of Our Lives. Ikawa namba moja wakati wa Krismasi. Miaka 16 baadaye, Freddie na Roger walikuwa tena kwenye santuri ileile, uso kwa uso. Naomba uwacheze kwa kufuatana, wa kwanza halafu wa pili, ukiwa peke yako.

Tahadhari moja kabla ya stempu, nayo ni fupi. Yupo Roger Taylor mwingine, mpiga dramu wa bendi ya Duran Duran, Mwingereza vilevile na aliyevuma miaka ileile. Hawana undugu. Siku ya Live Aid wote wawili walipiga, wa Queen London na wa Duran Duran Philadelphia, basi mtu akikuletea picha ya "Roger Taylor wa Live Aid" tazama kwanza uwanja.

Sasa stempu. Mwaka 1999 posta ya Uingereza ilitoa mfululizo wa stempu za kuaga milenia, na ile ya peni 19 ilimwonyesha Freddie akiwa jukwaani. Desturi ya posta yao ilikuwa kwamba hakuna mtu aliye hai anayetambulika kwenye stempu isipokuwa watu wa ukoo wa kifalme. Freddie alikuwa amekwisha kufa, hivyo hakuna tatizo. Lakini watu wakaangalia vizuri picha ile, na nyuma yake, mdogo, ameketi kwenye dramu zake, alikuwa Roger Taylor, hai na mzima. Wakusanyaji stempu wakapiga kelele, magazeti yakaandika. Mwenzako wa tatu hakudanganywa.

Freddie mwenyewe alikusanya stempu utotoni. Albamu aliyozibandika imehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya posta London, kurasa zimepangwa kwa mkono wa mtoto mwenye uangalifu mkubwa. Mtoto huyo alikua akaingia kwenye stempu, na rafiki yake wa kibanda cha Kensington akaingia pamoja naye, kwa nyuma, akipiga.